Sisimizi kwenye Minyaa

Mama yangu alifukuzwa nyumbani kwake siku ya Jumapili, watu wakiwa bado na nguo za kanisani, na karatasi iliyomfukuza niliisoma mimi. Naanza na hilo ili asiwepo wa kunihurumia njiani. Nimesikia watu wengi wakisimulia makosa yao. Huanza na shida za utotoni, halafu ujinga wa ujana, mpaka ukifika kwenye kosa lenyewe umeshalainika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha maabara, na koti langu jeupe nililifua kwa bluu kila Jumamosi.

Enzi hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Shinyanga. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua zahanati na maabara, kama ilivyoruhusu watu binafsi kununua pamba, na mji mzima ukawa na vibao. Bosi wangu alikuwa ameacha kazi serikalini akapanga vyumba viwili karibu na stendi. Kila asubuhi aliandika kwa chaki, kwenye ubao uliowekwa nje, vipimo tulivyokuwa navyo siku hiyo: malaria, minyoo, kaswende, mimba, sukari. Akipata kipya alikiandika juu kabisa kwa chaki nyekundu. Watu walisimama wakasoma kama wanavyosoma bei ya pamba.

Soko hilo hilo lililonipa kazi lilimnyang'anya baba kazi yake. Alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika tangu sijazaliwa. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao na mizani yao, chama kikaanza kukopa wakulima, kisha kikafunga ghala. Baba akabaki na suruali ya kazi na kalamu sikioni. Mawakala wa wanunuzi walimpenda kwa sababu alimjua kila mkulima, nani pamba yake imemwagiwa maji na nani ameficha mchanga katikati ya gunia. Walimwita, akaenda, na mwisho wa siku walimpa gongo. Alikunywa hiyo gongo mpaka ikawa ndiyo kazi, na pamba ikawa kisingizio.

Alikuwa mtu mzuri wa sura na mwenye ulimi mbaya. Akiwa na wageni alimwita mama "huyu niliyemkuta Mwandoya anachunga," na wageni walicheka kwa sababu walikuwa wanakunywa chake. Mama alicheka pia, kidogo, akaenda jikoni. Mimi nilikuwa mtoto wa baba. Nilikuwa na pua yake na dharau yake, na nilipopata cheti ndiye aliyenizungusha kwa ndugu zake wote akiwaonyesha karatasi. Mama hakujua kusoma. Ninaiandika sentensi hii kwa aibu, kwa sababu miaka ile nilikuwa naiandika kichwani kila alipofungua mdomo.

Msimu mmoja wa pamba baba alitapika damu mbele ya mizani ya watu. Damu nyingi, ikaingia kwenye pamba nyeupe, na wakala akalalamikia pamba. Tulimpeleka hospitali, ndugu zake wawili wakatoa damu, akawekewa chupa mbili. Daktari alimbonyeza tumbo, akamwangalia macho, akasema ini limeharibika kwa pombe, aache leo leo. Baba akaapa mbele ya daktari kwamba ameacha. Alirudi nyumbani ameegemea bega langu, na jirani waliokuja kumpa pole aliwaambia amekula kitu kibaya kwenye sherehe.

Wiki chache baadaye mama alinifuata kazini. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alisimama mlangoni na ndala zake mkononi, akiogopa kuchafua saruji.

"Mayu," aliniambia, maana kwa Kisukuma mayu ni mama, na mama humwita binti yake hivyo akiwa na neno zito, "baba yako ana sukari."

"Nani kampima?"

"Anamaliza ndoo ya maji kwa siku. Na pale anapokojoa kwenye ua wa minyaa kuna sisimizi. Nimeangalia siku tano, wapo kila asubuhi. Baba yangu alianza hivyo hivyo, akafa."

Nilicheka. Bosi alikuwa nyuma ya pazia, naye akacheka. Nikamwambia sisimizi hawajasomea, arudi nyumbani, baba anaumwa ini na dawa yake ni kuacha pombe. Akavaa ndala zake akaondoka. Siku mbili tatu zilizofuata, kila mteja alipotaka kipimo cha sukari, bosi alinikonyeza akasema, "Tuwaite sisimizi?" nami nikacheka tena, kwa sauti, ili aone nina akili ya kisasa.

Mama hakungoja ruhusa yangu. Alianza kumpunguzia baba ugali, nusu ya ule aliozoea. Matobolwa, vile viazi vitamu vikavu tunavyochemsha kwa kifungua kinywa, alivificha kwa jirani. Uji akampa bila sukari. Gongo aliyoiona ghalani, chini ya magunia, aliimwaga kwenye majivu. Wakati huo huo baba alikuwa anakonda, mikono imebaki mifupa na tumbo limeanza kujaa, na kila aliyemuona aliona kitu kimoja tu: mwanamume anayenyimwa chakula na mkewe. Naye hakuwakatalia. Alikuwa akikaa barabarani wakati watu wanatoka gulioni, akiulizwa hali anasema, "Nipo, nangoja kama leo nitapikiwa."

Na kila asubuhi mama alikwenda kwenye minyaa.

Boma letu lilizungushiwa minyaa, kama maboma yote ya kwetu, na baba alikuwa na pembe yake nyuma ya nyumba. Mama alisubiri ametoka, akaenda akainama, akaangalia ardhi. Wakati mwingine aliokota udongo kidogo, akausogeza karibu na macho, kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri na sisimizi wetu ni wadogo sana. Baba alipogundua, alimwaga mafuta ya taa pale akawaua wote. Kesho yake akahamia pembe nyingine, mama akamfuata. Akahama tena, mama akamfuata tena. Wangekuwa watu wengine ningesema ni vichekesho. Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa anapita na kuni, alimuona mama amepiga magoti anaokota udongo uliokojolewa na mumewe. Alikwenda moja kwa moja kusema.

Wasio wa kwetu wanaweza wasielewe uzito wa hilo. Kwetu mwanamke mzee kidogo, mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, akionekana anachukua udongo aliokojolea mtu anayekonda, hakuna anayeuliza swali la pili. Wanawake wamekatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mimi nilijua. Kila aliyekulia Usukumani wakati ule alijua.

Kaka mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo, aliniita. Kwa haki yake niseme hakutaka mambo ya mapanga. Alitaka jambo liishe kwa utaratibu. Akasema kwa kuwa ukoo una mtoto aliyesomea, mtoto huyo apime. Baba akipatikana na sukari, basi mkewe alikuwa anamuuguza kwa njia zake za kishamba na tutamuomba radhi. Asipopatikana nayo, kikao kitakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Tulikuwa na dawa ya bluu kwenye chupa. Unaweka kidogo kwenye kioo, unadondosha matone ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Kama hakuna sukari inabaki bluu. Ikiwepo inakwenda kijani, njano, na ikiwa nyingi inakuwa rangi ya tofali. Nilimpelekea baba kichupa safi, nimekishika kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Hakukipokea kile kichupa.

"Nimekuzaa," akasema. "Nimekusomesha. Sasa nikukojolee kwenye chupa, uushike, uunuse, uupike?"

"Baba, hatunusi."

"Toka."

Baba mkubwa alimuunga mkono. Binti kushika mkojo wa baba yake ni mwiko, akasema, hata kama amevaa koti la namna gani. Bosi alijitolea apime yeye, baba akasema chupa ataiosha nani? Na mimi, nikisema kweli, nilifurahi alipokataa. Mkojo wa wagonjwa wengine niliuona kama maji tu, lakini wa baba yangu nilikuwa nauogopa. Tukakubaliana sote kwamba damu ni kitu cha heshima. Damu haina aibu. Mtu anaweza kukunja mkono wa shati akaitoa mbele ya wanawe na wakwe zake.

Baba alikuja asubuhi hajala, kama utaratibu unavyotaka. Nilinusa gongo ya jana yake nikanyamaza. Bosi akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa sawa, tena ya chini kidogo.

Nilimwambia mama jioni ile. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Mpime akishakula," akasema.

"Utaratibu ni asubuhi kabla ya kula."

"Asubuhi hana kitu tumboni, na usiku hakula, alikunywa. Hiyo sukari itoke wapi? Mpime akishakula."

Kama kuna mtu aliyewahi kunipa somo la maabara lililo sahihi kuliko hilo, simkumbuki. Mimi nilimjibu kwamba nitafanya kitu kikubwa zaidi ya hicho. Wakati huo bosi alikuwa amepata njia ya kutuma damu Mwanza, kwenye maabara ya mtu binafsi iliyokuwa na mashine mpya, na kwenye ubao tulikuwa tumeandika kwa chaki nyekundu: SUKARI YA MIEZI MITATU. Kipimo hicho kinaangalia sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu. Mgonjwa hawezi kukidanganya kwa kufunga siku moja. Kinasoma alivyoishi msimu mzima. Nilikipenda kipimo kile kama mtu anavyopenda nguo mpya. Nikamtoa baba damu mwenyewe, ya mkononi, nikaiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu niliyoomba kwenye friji la soda, nikakimbia nayo stendi.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Nilijaza jina, umri, kijiji. Chini kulikuwa na mstari unaouliza kama mgonjwa ameongezewa damu siku za karibuni. Dereva wa basi la Mwanza alikuwa anapiga honi na utingo ameshika mlango. Niliacha ule mstari wazi. Nilijua jibu, nilikuwepo chupa zote mbili zikiisha. Niliona ni kitu kidogo.

Karatasi ilirudi baada ya wiki, imepigwa taipu, ina mhuri wa zambarau. Sukari ya baba ya miezi mitatu ilikuwa ya mtu mzima wa afya kabisa. Niliisoma nikiwa nimesimama stendi, kwenye vumbi, na nilichosikia moyoni ni furaha. Ningependa kusema ilikuwa furaha ya mtoto ambaye baba yake hana ugonjwa. Ilikuwa furaha ya kumshinda mama.

Kikao kilikaa Jumapili kwenye uwanja mbele ya zizi. Wanaume watano kwenye vigoda, baba kwenye kiti cha kukunja kwa sababu ya tumbo lake, mama chini amenyoosha miguu. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe. Hakuna aliyeniambia nilivae.

Baba mkubwa akamuuliza mama mbele ya wote, "Pale kwenye minyaa ulikuwa unatafuta nini?"

"Sisimizi."

Mmoja akaguna. Baba mkubwa akaendelea, "Wa nini?"

"Mkojo wenye sukari wanaupenda. Nilitaka kujua kama inapungua nikimpunguzia ugali."

"Na ilipungua?"

"Akila kidogo wanapungua. Akinywa kwa watu wanarudi."

Alisema hivyo, kwa Kisukuma, taratibu, na mimi niliyesomea nilimsikia nikamuona mshamba. Alikuwa amempima mumewe kila siku kwa miezi, akiwa na kipimo kimoja na dawa moja, na matokeo ameyashika kichwani. Baba mkubwa akageuka kwangu.

"Soma."

Hapo nilisita. Nataka hilo nalo lijulikane, maana linanifanya kuwa mbaya zaidi, si nafuu. Nilikuwa nimeshasikia masharti: sukari ikiwepo alikuwa anamuuguza, isipokuwepo alikuwa anamroga. Nilikumbuka ule mstari wa fomu nilioacha wazi. Nilikumbuka akisema mpime akishakula. Ningeweza kusema tungoje. Mama akaniangalia, na sijui aliona nini usoni kwangu, kwa sababu alisema kwa upole kabisa, "Soma, mayu." Nadhani aliamini. Alikuwa anaamini kwamba karatasi iliyotoka Mwanza kwa basi lazima ingeona kile walichokiona sisimizi.

Nikasoma. Nikaeleza na kipimo kinavyofanya kazi, kwa Kisukuma chepesi, kwamba damu haisemi uongo na haisahau. Maneno hayo hakuna aliyenituma kuyasema.

Walimtoza mchenya, ile faini ya mila inayoliwa na waliokaa kikaoni: mbuzi, na alikuwa mbuzi wake mwenyewe, jike aliyeletewa na kaka yake kutoka Mwandoya. Halafu arudi kwao. Mwenye tuhuma ya namna ile hapikii watu, kwa hiyo mbuzi nilimpika mimi. Nilipika na ugali mkubwa wa kutosha wanaume sita. Baba alikula kama mtu aliyetoka jela, akaletewa na soda mbili, akazimaliza.

Mama alifunga kitambaa chake, sufuria moja na jembe. Alipita karibu na jiko ambako nilikuwa nasugua vyombo. Alisimama kidogo.

"Mpime sasa," akasema. "Ameshakula."

Vifaa vilikuwa kwenye mkoba wangu, ndani ya nyumba, hatua kumi. Niliendelea kusugua sufuria. Akaondoka.

Sitarefusha habari za baba. Alipata alichotaka: ugali, matobolwa, uji wenye sukari niliyomnunulia mwenyewe, na gongo, ambayo sasa hakuwa anaificha. Alikojoa alipopenda. Siku moja nilipita kwenye pembe yake nikaona mstari mweusi wa sisimizi umetoka kwenye minyaa umefika mpaka ukutani, nikageuza uso. Mvua za masika hazijaisha nikafuatwa kazini, baba haamki. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia na harufu ya mdomo wake ilikuwa kama matunda yaliyooza. Hospitalini walimwekea mpira wa mkojo. Muuguzi akanipa kichupa, akasema dawa yao imeisha, nikapime kwetu haraka. Mwiko uliisha hapo hapo. Hakuna aliyekumbuka kuniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nilidondosha matone kwenye ile dawa ya bluu nikawasha taa. Haikupita hata kijani. Ilikwenda moja kwa moja kwenye rangi ya tofali, ikazama chini kama matope.

Alikufa kesho yake. Mama hakuja mazishini. Walimtumia mtu kumwambia asije.

Miaka miwili ilipita ndipo nikaenda kusoma kozi ya kujiendeleza. Alasiri moja, wengine wakiwa wanasinzia, mwalimu alichora ubaoni chembe nyekundu ya damu akasema kipimo cha miezi mitatu kinategemea chembe hiyo kuishi miezi yake yote. Kwa mlevi ambaye ini limekufa, akasema, chembe zinavunjika mapema. Akitapika damu zinapotea. Akiongezewa damu anakuwa amebeba chembe za watu wengine ambao hawana sukari. Kipimo kitasoma vizuri huku mgonjwa anaoza. Akaongeza, kama kitu cha kupita tu, kwamba watu hao hata sukari ya asubuhi inaweza kuwa ya kawaida, ikapanda baada ya kula. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikaenda nje kwenye bomba la maji nikanawa uso mara nyingi, na maji yalipoisha nikaendelea kusimama pale. Karatasi ya Mwanza ilikuwa imesoma damu ya baba zangu wadogo wawili, wazima kama magogo.

Nilipomaliza kozi nilikwenda Mwandoya. Mama aliishi kwa kaka yake, kwenye kibanda upande wa nyuma, na alikuwa amezeeka kwa haraka. Nilimsalimia kwa goti, nikamweleza yote, chembe, ini, chupa mbili za damu, na mstari wa fomu. Hakulia wala hakunifokea. Alinipa maji ya kunywa.

"Nani mwingine amesikia haya?" akauliza.

"Nimeanza kwako, mayu."

"Mimi nilikuwa nayajua. Ulinisoma mbele ya watu. Nenda ukasome tena mbele ya watu wale wale."

Nilikwenda. Ilinichukua mwezi kumpata baba mkubwa na wale wengine wakae pamoja. Walikaa mbele ya zizi lile lile. Nikaeleza. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na baba mkubwa akajikuna goti.

"Siku ile ulisema damu haisemi uongo," akasema. "Leo unasema ilisema uongo. Tukikuita mwakani itasema nini?"

Wakacheka, si kwa ubaya sana. Nikasema kosa lilikuwa langu, mama alikuwa anamuuguza, sukari ndiyo iliyomuua baba na mkojo wake niliupima kwa mkono wangu. Hapo wakaangaliana, maana nilikuwa nimetamka mkojo wa baba yangu mbele yao. Kisha yule aliyekuwa ameguna siku ile akaniuliza swali, na swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

"Karatasi yako ilisema mzima. Miezi haikufika mingi akafa. Mtu mzima anakufaje, mwanangu, kama hakuna mkono wa mtu?"

Nikarudia habari za chembe. Baba mkubwa aliinuka, akasema mbuzi alishaliwa na maneno yake yaliliwa naye, na kila mtu akaenda kwake. Nilikuwa nimekuja kumfuta mama jina la mchawi. Nikaondoka wamempa na la muuaji, na ushahidi waliokuwa nao ulikuwa wangu, wenye mhuri.

Nilirudi Mwandoya kumwambia. Alinitandikia ngozi ya ng'ombe kwenye kibanda chake, akanipa matobolwa na maziwa mgando, tukala. Asubuhi niliamka nikaenda nyuma, kwenye minyaa. Niliporudi nilimkuta amejifunga kitenge chake anatoka. Nilidhani anakwenda kuchota maji. Alipita mahali nilipotoka, akapiga magoti kwa shida, akaokota udongo kidogo akausogeza machoni, kwenye mwanga.

Mke wa mjomba alikuwa amesimama nje ya jiko lake na ndoo ya maji, anaangalia. Alikuwa anajua habari zote za kwetu. Mwandoya si mbali hivyo.

"Hawapo," mama akaniambia, akiwa bado amepiga magoti. "Lakini wewe una damu ya baba yako. Niwe naangalia."

Nikamgeukia mke wa mjomba, nikasema kwa sauti ili asikie vizuri, "Mama ananipima sukari. Ananiuguza mimi."

Mke wa mjomba akaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Kisha akaifunika ndoo yake ya maji na sinia, akaiinua, akaingia nayo ndani.